Juu ya Kilima cha Atago

Kilima cha Atago hakifiki hata mita 26, lakini katikati ya Tokyo hakuna kilima cha asili kinachokizidi. Ngazi za mawe zinazopanda hadi hekaluni ni 86, nazo zimesimama wima kiasi kwamba visigino vya aliyekutangulia viko usawa wa macho yako. Wenyeji husimulia habari za askari aliyezipanda na farasi wake mwaka 1634 ili kumpelekea mtawala tawi la maua. Upande wa pili kuna lifti. Mimi nilipanda kwa miguu, mkono ukiwa kwenye mnyororo wa pembeni.

Juu kunanukia majani mabichi na maji ya bwawa la samaki. Hatua chache kutoka hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Utangazaji, yaliyofunguliwa mwaka 1956. Mahali penyewe pana sababu yake. Tetemeko la 1923 liliteketeza sehemu kubwa ya jiji, magazeti yakashindwa kutoka, na uvumi ukaenea na kuua watu. Haja ya sauti moja inayofika kila nyumba ikaonekana wazi. Julai 1925 matangazo ya kila siku yakaanza kurushwa kutoka kilimani hapa, wakati huo kikiwa juu ya mapaa yote ya jirani. Leo kimezungukwa na maghorofa ya vioo, na ukitaka kuona anga inabidi uinue shingo.

Ndani, vyombo vya kwanza ni vidogo kuliko nilivyotarajia. Redio za mwanzo hazikuhitaji umeme wala betri: kipande cha jiwe la madini, sindano ya kulipapasa hadi sauti ipatikane, na spika za kuvaa masikioni. Redio moja, msikilizaji mmoja. Baadaye zikaja redio za mbao zenye valvu na spika iliyopanuka kama tarumbeta, na hapo familia nzima ikaweza kuketi pamoja. Msikilizaji alilipa yeni 1 kwa mwezi na kupigilia kibati kidogo mlangoni kuonyesha kwamba amesajiliwa.

Kilichonishika zaidi ni kikapu. Kikapu bapa, ndani yake maharagwe madogo mekundu. Kiinamishe polepole upande mmoja, kisha ukirudishe: maharagwe yanateremka kwa mnong'ono, yanafika ukingoni, yanarudi. Ni mawimbi ya bahari. Watengenezaji wa michezo ya redio waliibeba bahari nzima mikononi, na msikilizaji nyumbani akalowa. Aliyewahi kushika ungo na kupepeta mchele angeweza kazi hii tangu siku ya kwanza. Mtoto mmoja alijaribu kwa haraka mno, akapata mvua ya mawe. Mama yake akamshika viganja vya mikono, wakainamisha pamoja.

Kisha ile santuri. Upana wake ni kama sentimita 25, haina urembo wowote. Usiku wa tarehe 14 Agosti 1945 mfalme wa Japani alirekodiwa akisoma tangazo la kukubali masharti ya kusalimu amri. Maofisa wa jeshi waliopinga waliingia kasrini usiku huohuo wakizisaka santuri za tangazo hilo ili zisisikike. Hawakuzipata, zilikuwa zimefichwa ndani ya kasha dogo la chuma. Saa sita mchana wa tarehe 15 zikachezwa redioni, kwa muda usiofika dakika tano. Walio wengi hawakuwahi kuisikia sauti ile. Maneno yalikuwa ya Kijapani cha kale cha ikuluni, mawimbi yalikoroma, na wengi waliosimama mbele ya redio hawakuelewa hadi mtangazaji alipoyasoma tena na kufafanua. Naamini mtangazaji yule alifanya kazi nzito kuliko zote zinazohifadhiwa humu, na kazi yake haina kabati.

Upande wa televisheni, historia inaanza na herufi moja. Desemba 1926, mwalimu wa shule ya ufundi mjini Hamamatsu aliituma herufi ya kikatakana, mwandiko mmojawapo wa Kijapani, inayosomwa "i" hadi kwenye kioo, kwa mistari 40 tu. Ni mapigo mawili ya kalamu, yanayotetemeka. Matangazo rasmi yalipoanza tarehe 1 Februari 1953, waliojiandikisha walikuwa 866. Wengine walitazama barabarani na mbele ya stesheni, umati ukikabili kioo kimoja. Ukumbi wa kioo cha inchi 200 niliupita upesi. Picha ni kali mno, ila haikunieleza jipya.

Niliganda kwenye kamera za studio za zamani, nzito, zenye lenzi pana. Zilinikumbusha Olimpiki ya Tokyo ya 1964: ilirushwa moja kwa moja hadi Marekani kwa setilaiti, na ndiyo Olimpiki ambayo Kenya, ikiwa haijatimiza hata mwaka wa uhuru, ilipata medali yake ya kwanza: shaba ya mita 800. Mhudumu kijana akaja kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamsimulia habari za Mkenya aliyeipata medali ile. Hakuwa anazijua. Akanielekeza maktaba, ambako vipindi vya zamani hutazamwa bure, akasema huenda mbio zile zimo, nami nikashika njia ya kwenda kuzitafuta.