Makotabeki wa Pullman na Mkimbiaji Aliyewazunguka

Mashabiki wa zamani wa Cougars wakikutana, ubishi huwa ni ule ule: kotabeki gani aliwashinda wote? Cougars, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, haina makombe mengi ya kujivunia. Ilicho nacho ni majina ya vijana waliojua kurusha mpira: Thompson, Rypien, Rosenbach, Bledsoe, Leaf, Gesser, Falk, Minshew. Majina hayo hutajwa kwa mfuatano wake, kama wazee wanavyotaja ukoo. Mimi nimo katika ubishi huo tangu 1976 na jibu langu halijabadilika: Jack Thompson. Wenzangu wanazijua nusu ya sababu zangu. Nusu nyingine inamhusu Mnandi mmoja ambaye hakuucheza mchezo huo kabisa.

Nilifika Pullman kusomea kilimo. Ni mji mdogo mashariki mwa jimbo, karibu na mpaka wa Idaho, katikati ya vilima vya Palouse vinavyopandwa ngano na dengu hadi kileleni. Nilikulia Eldoret, kwa hiyo ngano haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba Jumamosi za Septemba mji mzima ulihamia uwanjani. Siku hizo chuo kilikuwa bado kinafuga puma hai, aliyeitwa Butch, kama alama ya timu. Wa mwisho wao alikufa 1978.

Mchezo sikuuelewa hata kidogo. Aliyenifundisha ni mkulima mmoja mzee kutoka upande wa Colfax ambaye kiti chake kilikuwa jirani na changu. Tulianza kuelewana kwa mambo ya shamba. Aliponisikia nikisema Kenya, aliniuliza kama kutu ya ngano inatusumbua, nami nikamweleza kuhusu kituo cha utafiti cha Njoro na jinsi wakulima wa Uasin Gishu wanavyoiogopa. Akaniangalia vizuri, akasogea, na tangu hapo akawa ananifafanulia kila kinachotokea uwanjani. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Takriban kila jaribio linapitia mikononi mwa kotabeki. Ana sekunde chache sana za kuamua: ampe mwenzake akimbie nao, aurushe mbele, au akimbie mwenyewe kabla majitu ya upande wa pili hayajambwaga.

"Usiangalie mpira," mzee aliniambia. "Angalia miguu yake. Akiogopa, miguu ndiyo inayosema kwanza."

Nilipoanza kuangalia miguu, nilimwona Thompson. Alizaliwa Samoa ya Marekani, akalelewa Seattle, na waandishi wa magazeti walikuwa wameshampachika jina la Msamoa Mrushaji. Timu yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1976 ilishinda mechi 3 ikapoteza 8, na mara nyingi ukuta uliopaswa kumlinda ulibomoka kabla hajainua mkono. Yeye alisimama. Miguu haikutapatapa. Aliutoa mpira katika nukta ya mwisho, akaangushwa, na akiwa chini mpira ulikuwa tayari umetua mikononi mwa mwenzake yadi 30 mbele. Kisha aliinuka na kurudi kujipanga. Mpaka leo sijaona ushujaa wa uwanjani unaoupita ule.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa sasa hawaliamini nikiwaambia. Thompson alicheza chini ya makocha wanne. Jim Sweeney aliondoka baada ya msimu wa 1975. Jackie Sherrill akaja, akakaa mwaka mmoja, akaenda Pittsburgh. Warren Powers naye mwaka mmoja, akaenda Missouri. Kisha Jim Walden. Kila kocha alikuja na mfumo wake, lugha yake ya ishara na watu wake, na kila mara Thompson alianza kujifunza upya. Makocha walikuwa huru kuondoka watakapo. Yeye alibaki.

Ushindi wake mkubwa sikuuona kwa macho. Ilikuwa Septemba 10, 1977, huko Lincoln, dhidi ya Nebraska, timu iliyoogopwa nchi nzima. Powers alikuwa amewahi kuwa kocha msaidizi pale pale, na hakuna aliyetupa nafasi. Tulijibana chumbani bwenini, Wakenya wachache na Wamarekani wachache, redio dirishani, tukimsikiliza mtangazaji Bob Robertson. Sisi tuliolelewa na redio tulikuwa na faida. Nyumbani tulizoea kumsikiliza Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira hadi ukamwona winga anavyomkokota beki, wala hatukuhitaji picha. Robertson alikuwa na kipaji cha aina hiyo. Alipopandisha sauti tuliinuka, alipoishusha tulikaa. Mechi ilipokwisha 19 kwa 10 kwa upande wetu, watu walimiminika barabarani wakipiga honi, na mmoja wetu, kijana wa Nyeri aliyekuwa akiuita mchezo huo upuuzi, alikuwa juu ya boneti ya gari la mtu asiyemjua akiimba.

Sasa nifike kwa yule Mnandi.

Katika miaka hiyo uwanja wetu wa mechi, Martin, ulikuwa na njia ya kukimbilia iliyouzunguka uwanja wa mpira. Kocha wa riadha, John Chaplin, alikuwa amewaleta Wakenya, na mjini walijulikana kwa sura. Mmoja wao, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwishoni mwa Juni 1977. Mwingine, ndiye yule Mnandi wangu, alikuwa Henry Rono. Septemba ilipofika wenyeji walikuwa wanazungumzia Nebraska, sisi tunazungumzia Helsinki, na wote tunazungumzia vijana wa uwanja mmoja.

Novemba ya mwaka huo mashindano ya mbio za nyika ya vyuo vyote vya Marekani yalifanyika Spokane, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tulikwenda tukiwa tumebanana kwenye gari la kuazima. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Rono alipita mbele yetu akiwa ameinua kidevu, mabega yametulia, kama mtu anayewahi dukani kabla halijafungwa, na nyuma yake vijana wenye afya tele walikuwa wanahema vinywa wazi. Tulimpigia kelele kwa Kiswahili, "Twende, ndugu! Twende!" Sijui kama alitusikia. Alishinda.

Halafu ukaja 1978. Aprili 8, huko Berkeley, rekodi ya dunia ya mita 5,000. Mei 13, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Juni 11, Vienna, mita 10,000. Juni 27, Oslo, mita 3,000. Rekodi nne za dunia katika siku 81, mwanafunzi wa chuo kimoja cha mashambani. Kwa macho yangu hakuna kotabeki wa Pullman aliyewahi kufanya jambo la kufanana na hilo. Nayasema haya kwa moyo wote, na huwa nayasema mbele ya watu waliovaa jezi za Bledsoe.

Thompson alimaliza msimu wa 1978 na timu iliyoshinda mechi 3, ikapoteza 7 na kutoka sare 1, lakini yeye akiwa ameweka rekodi ya vyuo ya yadi za pasi: 7,818. Aliteuliwa wa tatu katika uchaguzi wa wachezaji wa kulipwa wa 1979, akaenda Cincinnati, na jezi yake namba 14 ikastaafishwa. Mwaka huo huo waliichimbua njia ya kukimbilia na kushusha uwanja ili kuongeza viti. Timu ikachezea mechi za nyumbani Spokane hadi kazi ikaisha. Anayeingia Martin leo hawezi kujua kwamba Rono aliwahi kuzunguka pale, na hilo linaniuma.

Miaka ya themanini nilikuwa nimepata kazi Spokane. Naipitia haraka, si kwa kuidharau. Mwaka 1984 Mark Rypien na wenzake walikuwa nyuma 42 kwa 14 dhidi ya Stanford, ugenini, wakashinda 49 kwa 42. Rypien huyo alizaliwa Calgary, Kanada, akakulia Spokane, na Januari 1992 alitajwa mchezaji bora wa Super Bowl. Mwaka 1988 Timm Rosenbach aliikuta UCLA ikiwa namba moja nchini, kotabeki wao akiwa Troy Aikman. Tulikuwa nyuma 27 kwa 6. Tulishinda 34 kwa 30, na dakika za mwisho Aikman alikuwa karibu kabisa na mstari wetu. Niliendesha gari huku nikisikiliza, nikalazimika kuegesha pembeni.

Theluji ya Novemba 21, 1992 nayo siwezi kuipita mbio. Chuo Kikuu cha Washington, cha Seattle, ndiye mpinzani wetu wa jadi, na siku hiyo walikuja Pullman wakiwa wametoka kutwaa ubingwa msimu uliotangulia. Theluji ilianguka tangu asubuhi. Wafanyakazi waliisukuma nje ya mistari hadi ikawa vilima pembeni, na mistari yenyewe ikafunikwa tena. Mke wangu, ambaye alikuja kwa ajili yangu tu, alijifunika blanketi hadi puani. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma 7 kwa 6. Katika robo ya tatu Drew Bledsoe, kijana wa Walla Walla, alifanya kana kwamba hali ya hewa ni ya mtu mwingine. Alirusha mpira ukapotea ndani ya theluji, sisi juu tukabaki tunautafuta kwa macho, kisha tukamwona Phillip Bobo akiudaka mwisho kabisa wa uwanja na kuteleza hadi akazama katika kilima cha theluji. Mke wangu alisahau blanketi. Robo hiyo moja tulifunga pointi 29, na mechi ikaisha 42 kwa 23. Miezi michache baadaye Bledsoe aliteuliwa wa kwanza nchini.

Ryan Leaf ndiye aliyetupeleka kwenye mechi ya Rose Bowl, mara ya kwanza baada ya miaka 67. Nilikuwa Pasadena Januari 1, 1998. Michigan 21, sisi 16. Leaf akaupeleka mpira hadi yadi 26 za Michigan, akaupiga chini kusimamisha saa, na saa ikasoma sifuri. Waamuzi wakasema muda umekwisha. Wazee wa Pullman watakwambia zilibaki sekunde mbili, nami nasema hivyo hivyo. Maisha ya Leaf baadaye yaliharibiwa na uraibu wa dawa za maumivu, akafungwa jela Montana, akatoka, na sasa huwasaidia wengine walionaswa. Sipendi watu wanaomtaja kwa kebehi. Rono pia alipitia pombe na miaka ya kukosa makazi Marekani, mtu ambaye Kenya ilipogomea Olimpiki za 1976 na 1980 hakupata kukimbia hata moja. Aliandika kitabu cha maisha yake, akarejea nyumbani 2019, akafariki Nairobi Februari 2024.

Na yuko Tyler Hilinski. Septemba 2017 aliingia kutoka benchi dhidi ya Boise State, timu ikiwa nyuma 31 kwa 10, akaiongoza hadi ushindi wa 47 kwa 44 katika nyongeza ya tatu, mashabiki wakambeba mabegani. Januari 2018 alijiua. Alikuwa na miaka 21. Katika vikao vyetu hakuna anayemweka kwenye ubishi wa nani bora. Anatajwa, tunanyamaza, tunaendelea. Msimu uliofuata Gardner Minshew alikuja na masharubu yake kutoka chuo kingine, akakaa mwaka mmoja tu, akatupa ushindi 11, ambao chuo hakijawahi kuupita. Mji ule ulikuwa unahitaji kucheka, na alituchekesha.

Kwa hiyo sisemi kwamba anayehama hana mapenzi. Cam Ward aliondoka baada ya msimu wa 2023, akaenda Miami, na 2025 akateuliwa wa kwanza nchini. Sheria zinaruhusu, na fedha zipo. Wakati huo huo vyuo 10 vya ligi yetu ya Pac-12 vilihama, tukabaki sisi na Oregon State. Lakini nikiona ligi nzima imeondoka kwa sababu ya televisheni, ndipo naona uzito wa kijana aliyeachwa na makocha watatu mfululizo na bado akarudi kujipanga nyuma ya ukuta uliovuja.

Hiyo ndiyo hoja yangu kila Septemba. Nikimaliza Thompson naingia Rono, na wenzangu wameshazoea. Wananisubiri nizitaje rekodi zote nne na miji yake, Berkeley, Seattle, Vienna, Oslo, kisha wanarudi kwa Bledsoe.