Mboga za wakati wa baridi: tuangalie udongo kwanza

Mvua zimetuaga. Mawingu yanapita juu ya Lubumbashi bila kuteremsha kitu, na asubuhi watoto wanakwenda shuleni wakiwa wamevaa pulova. Kuanzia sasa mpaka mwezi wa kumi hatutegemei tena maji ya mbinguni. Mgeni angefikiri huu ni wakati wa kuweka jembe chini, lakini kwetu ndipo bustani ya nyumbani inaanza kweli. Nyanya haziozi tena kwa unyevu kama mwezi wa pili, kabichi zinafunga vizuri, karoti na vitunguu vinapenda usiku wa baridi. Lengalenga tu ndiyo inasinzia. Mwezi wa sita na wa saba itakua polepole, hata ukiimwagilia mara mbili kwa siku, basi msiikasirikie.

Jumamosi iliyopita hatukukaa katika kikao. Tuliamua kuzunguka mji na kuangalia bustani za wenzetu kabla ya kugawana mbegu. Tulianzia Katuba. Hapo lupango moja ina nyumba mbili, choo, kisima, kamba za nguo, na bado mwenye nyumba amepata nafasi ya matuta matatu nyuma ya jiko. Majivu ya mbabula hayatupwi, yanachanganywa na udongo. Maganda ya mihogo na maharagwe yanaoza kwenye shimo lililofunikwa kwa bati. Matuta yamefunikwa kwa majani makavu ili maji yasikauke upesi, kwa sababu kufikia mwezi wa tisa kisima kinashuka sana na kila ndoo inahesabiwa. Matembele yametambaa mpaka mlangoni. Tulisifu sana, na wengine wetu tuliondoka na vipande vya kupanda.

Mama yule alituuliza swali moja ambalo lilitufuata siku nzima. Alisema: "Maji ninayofulia nguo za kazi za bwana yangu, je, naweza kumwagilia mboga?" Bwana yake anafanya kazi kwenye mgodi.

Sote tunaujua mlima mweusi wa takataka za shaba na bomba refu la moshi pembeni yake. Watoto wetu wakichora mji wao darasani, wanaanza na hivyo viwili. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa. Kwa miaka mingi, kwanza chini ya Union Minière na baadaye chini ya Gécamines, moshi wake ulibebwa na upepo. Upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulielekea zaidi kaskazini-magharibi na vumbi lake likashuka huko. Ndani yake mlikuwa shaba, kobalti, zinki, na pia risasi na kadimi. Moto umepungua au umezimika, lakini vitu hivi haviozi kama jani. Vinakaa katika udongo wa juu, palepale tunapopanda mboga.

Tukapanda teksi-basi kwenda kuona Penga-Penga. Yeyote ambaye hajafika huko afike mara moja katika wakati huu, majani mengine ya mji yakiwa bado mabichi. Kuna sehemu ambapo ardhi iko uchi kabisa, nyekundu, imechimbwa na mvua kama uso wa mzee, na penye uhai ni majani mafupi magumu ya aina moja au mbili yanayovumilia shaba. Watu wanaishi katikati yake, wana malango, wana maua, wana watoto wanaocheza vumbini. Tulikuta mama aliyepanda mti wa maembe. Alichimba shimo kubwa, akalijaza udongo wa kichuguu na mbolea ya kuku vilivyoletwa kutoka nje ya mji, ndipo akapanda. Jaribio la kwanza, bila shimo lile, mti ulikauka. Hakuna mtu aliyemfundisha chochote kuhusu madini, mti wenyewe ndio uliomfundisha.

Shida ni kwamba mboga za majani haziwi kama mti ule. Zinaweza kumea vizuri, zikapendeza machoni, na bado zikawa zimebeba ndani yake kile ambacho mizizi imekunywa. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima mboga za majani zinazouzwa katika masoko yetu na wakachapisha matokeo mwaka 2013: madini yalikuwamo, na katika mboga nyingi yalipita kiasi. Kabla yao, mwaka 2009, madaktari wa chuo hicho pamoja na wenzao wa Ubelgiji walikuwa wametangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi sana katika mkojo, watoto zaidi kuliko wakubwa. Na kuhusu risasi, madaktari wa dunia nzima wamekubaliana kwamba inaharibu akili ya mtoto mdogo, na hakuna kiasi chake kinachoweza kuitwa salama.

Ndani ya teksi tulibishana. Mama mmoja mkubwa katika kikundi alisema: "Sisi tulikulia kambini, tulikula lengalenga za hapohapo, na tuko hai." Ni kweli yuko hai, Mungu ashukuriwe, na ana nguvu kutushinda. Lakini hatukuhesabu wale ambao hawako, wala hatukuwapima watoto waliokuwa wazito darasani tukawaita wavivu. Mwingine alisema neno gumu zaidi: "Mkiandika hivyo, nani atanunua mboga zangu?" Mwenzetu huyu analipa minerval ya watoto wawili wa sekondari kwa mafungu ya lengalenga anayouza soko la Kenya. Hatukuwa na jibu la haraka. Mwaka 1990 na miaka iliyofuata, Gécamines ilipoanguka na mishahara ikakatika, ni matuta ya wamama yaliyolisha mji huu. Hatuwezi leo kuja kuwaambia waache.

Kwa hiyo hatusemi kuacha. Tunasema kuchagua mahali na kuchagua mmea. Anayekaa Penga-Penga, au karibu na mgodi wa Ruashi, au kando ya mfereji unaopokea maji ya kiwanda, asipande majani ya kula moja kwa moja katika ardhi ya lupango. Achukue mifuko mitupu ya unga, aijaze udongo uliotoka mbali, wa kichuguu ukipatikana, achanganye na samadi, apande humo. Vichuguu vyetu vikubwa vya Katanga, ambavyo tumezoea kuvichimba kwa matofali, vina udongo wenye chokaa zaidi kuliko ardhi inayovizunguka, na chokaa inazuia sehemu ya madini yasiingie katika mizizi. Ndiyo sababu majivu na chokaa vinasaidia pia kwenye tuta la kawaida, pamoja na mboji nyingi. Na kama ni lazima kupanda ardhini, heri nyanya, bilinganya au maharagwe, kwa sababu tunda kwa kawaida hubeba kidogo kuliko jani.

Kuosha pia. Kiangazi vumbi la barabara na la malori ya migodi linakaa juu ya kila jani, basi tuoshe kwa maji matatu, na karoti tuzimenye. Ila tusidanganyane: maji yanaondoa vumbi la juu, hayaondoi kilichokwisha kuingia ndani.

Tunarudi kwa mama wa Katuba na maji yake ya kufulia. Jibu letu ni hapana. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Ulionyesha kwamba baba wa watoto hao walikuwa mara nyingi zaidi watu wenye kazi za madini kuliko baba wa watoto wengine. Haukusema kwamba nguo ndiyo sababu. Sisi lakini tunaona hakuna haja ya kungoja mpaka iseme. Nguo za mgodi zioshwe peke yake, mbali na za mtoto, na maji yake yasimwagwe kwenye mboga wala karibu na kisima.

Njiani kurudi tulipita upande wa Kafubu, bondeni, ambako wamama walikuwa tayari wanainua matuta kwenye udongo mweusi ambao mto umeuacha. Tulinunua miche ya kabichi kwao. Ni miche mizuri, mifupi, yenye shingo nene. Jumamosi hii tutaigawa pamoja na mbegu za vitunguu. Kila mmoja aje na mifuko miwili mitupu na jina la mtaa wake, maana wa Penga-Penga na wa Ruashi ndio watakaopewa kwanza udongo wa kichuguu. Pusupusu mbili zimekwisha kulipiwa.