FULANA KACHUKUA, KURA HAKUUZA: BIBI WA MANYOVU NOMA!

Wadau, kule Manyovu, mpakani kabisa na Burundi, kuna bibi mmoja (jina kapuni) kapita miaka 70 na bado anajilimia maharage yake. Raha zake ndogo tu: kahawa ya jioni, redio, na umbea kidogo na wenzake. Kwa kubana matumizi sasa, usiombe! Betri za redio zikichoka anazianika juani, zinaongea tena. Sabuni ikibaki kiduchu anaigandisha kwenye kipande kipya.

Siasa nazo anazibana hivyohivyo. Sandukuni kwake kuna kanga ya chama hiki na fulana ya chama kile, nyingine za enzi za takrima, kabla Mahakama Kuu haijaipiga chini mwaka 2006. Kanga imebeba wajukuu watatu, fulana ndo ya kuendea shamba. Lakini tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, hakuna mgombea aliyejua kura yake ilikwenda wapi. Hata marehemu mumewe kaondoka hajui!

Sasa mjukuu wake, mtoto wa Kigoma mjini, alivaa fulana, akacheza kwenye kampeni, akala buku tano zake. Siku ya kupiga kura, kalala mpaka saa kumi. Bibi akamwambia: "Mjukuu wangu, mimi hata betri iliyochoka siitupi. Wewe umetupa kura nzima?"

Dogo kimya.

Haya mdau, ungekuwa wewe ungemjibu nini?