Sadaka ya Mavuno na Mama Aliyeko Nyumbani

Kiangazi kinapoingia, wanaume wengi wa Ugalla, mkoani Katavi, huenda porini kurina asali. Wakirudi na madumu yao, asali huwa imeshagawanywa kichwani: ada ya watoto, deni la dukani, sadaka ya mavuno kanisani. Mara nyingi anayesahaulika ni mzazi.

Mchukue baba mmoja wa aina hiyo. Ameahidi mbele ya waumini madumu mawili kwa ajili ya bati za kanisa. Jina lake limesomwa, watu wamepiga makofi. Nyumbani, mama yake haoni vizuri na anangoja nauli ya kwenda hospitali Mpanda. Mkewe akiuliza, hujibiwa: "Mama watoto, nadhiri ya Mungu haivunjwi." Bibi mwenyewe humtetea: "Mwacheni mwanangu amtolee Mungu. Mimi nitavumilia."

Jambo hili si geni. Katika Marko sura ya 7, Mafarisayo walilalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa kufuatana na mapokeo ya wazee. Yesu akawajibu kwa habari ya Korbani. Mtu akishatamka kuwa mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, hakuruhusiwa tena kumsaidia baba au mama kwa mali ile. Mapokeo hayo yalikuwa na mzizi mzuri, maana Hesabu sura ya 30 inamtaka mtu atimize nadhiri yake. Kosa lilikuwa kutumia amri moja kuitangua nyingine.

Amri ya kuwaheshimu wazazi imo katika zile kumi. Wakatoliki na Walutheri huihesabu kuwa ya nne, Waanglikana na Wasabato kuwa ya tano, lakini hakuna dhehebu lililoifuta. Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Timotheo sura ya 5, anawataka watoto na wajukuu wawatunze wazee wao kwanza, ili kanisa lipate nafasi ya kuwasaidia wajane wasio na mtu.

Kwa nini basi mtu mwema hufika hapo? Mara nyingi ni hofu. Kuna mahali asiyechangia huambiwa kwamba siku akifiwa hatapata wa kumzikia. Ahadi ya kanisani ina mashahidi mia. Njaa ya mama ina shahidi mmoja, naye ni mkwe anayeogopa kusema.

Hata hivyo, haya yasiwe kisingizio. Wapo wanaonyima kanisa kwa kusema wanatunza wazazi, kumbe fedha inaishia kilabuni. Mama hakuiona, wala kanisa halikuiona.

Dawa yake ni mazungumzo. Kabla ya kwenda porini, mume na mke wakae na mzee wao, waulize anahitaji nini, wapange fungu lake kabla ya kuahidi popote. Wazee wa kanisa nao wasisome viwango vya watu hadharani, na wanapopokea ahadi wamuulize mtoaji kwa upole: "Wazazi wako hawajambo? Wamepata chao?" Akijibu kwamba bado, wamruhusu apunguze ahadi yake bila kumwaibisha. Bati zitasubiri msimu ujao. Macho ya bibi huenda yasisubiri.