Staa Katoa Milioni 10 Moshi: Anakwepa Kodi au Mnamwonea?

Juzi kati staa mmoja, jina kapuni, alitua Moshi na msafara wake akakabidhi hundi ya milioni 10 kwenye kituo kimoja cha watoto. Ile hundi kubwa kama mlango wa stoo. Picha zikapigwa weee, na jioni ile ile mtandaoni kukawaka: "Huyo anakwepa kodi tu", "hela yote anarudishiwa na TRA". Jamaa mmoja kavuna likes kibao kwa sentensi hiyo moja.

Mimi wala sio shabiki wake (nyimbo zake za siku hizi, tuache tu). Ila hilo la kodi lilinikaa kichwani, maana kwenye ukoo wetu kuna mtu anatoa mwaka mzima na hakuna anayempiga hata picha ya simu. Nikamfuata mhasibu anayemtengenezea shangazi yangu hesabu za duka, tukakaa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Nimeishia form four, lakini hiki kipengele kinaeleweka vizuri tu.

Iko hivi. Mwenye biashara, awe kampuni au mtu binafsi, anaruhusiwa kupunguza kwenye faida yake alichochangia taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, halafu ndio kodi ipigwe kwenye kinachobaki. Ila kuna ukomo: isizidi asilimia 2 ya faida ya biashara kwa mwaka huo.

Sasa tufanye hesabu za staa wetu. Tuseme kampuni yake imepata faida ya milioni 100. Asilimia 2 ni milioni 2. Kampuni inalipa kodi asilimia 30, kwa hiyo kwenye milioni 2 hizo ameokoa 600,000. Yaani katoa milioni 10, kapunguziwa laki sita, na milioni 9 na laki nne zimemtoka mfukoni kabisa. Kama huko ndiko kukwepa kodi, basi ni mkwepaji mbovu kuliko wote Tanzania.

Na hiyo laki sita yenyewe aipate kwanza. Kituo kuwa na cheti cha usajili wa NGO peke yake hakutoshi, lazima Kamishna wa TRA awe amekikubali kuwa ni taasisi ya hisani. Kama hakijakubaliwa, staa wetu hapunguziwi hata mia. Ni vituo vingapi huku Kilimanjaro vinapokea wageni na hundi kila msimu wa kupanda mlima, na havijawahi kuulizwa hiyo karatasi?

Angekuwa mjanja kweli angepitia kwenye Mfuko wa Elimu. Huu upo kwa sheria ya mwaka 2001, unasimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA. Mchango wa huko haubanwi na ile asilimia 2. Milioni 10 yote inatoka kwenye faida, kodi inapungua milioni 3. Hapo sawa, mngeweza kusema tatu kati ya kumi ni hela ambayo ingeingia serikalini. Bado saba ni zake, na zote zimeenda kwenye elimu. Mimi sioni ubaya.

Ninapoona ubaya ni kwingine. Mwalimu au nesi anayekatwa PAYE kila mwezi, akitoa mchango wa madawati hapati unafuu wowote. Kile kipengele kinahusu faida ya biashara, mshahara haumo. Mama ntilie na mangi wa duka dogo wanaolipa kodi ya makadirio kwa mauzo nao hivyo hivyo, maana pale hakuna cha kupunguza matumizi. Na wao ndio wanaojaza bahasha. Mnakumbuka tozo za miamala za Julai 2021? Ukituma mchango unakatwa, mwekahazina akienda kutoa anakatwa tena. Hela ya msiba ikawa inalipa kodi mara mbili.

Binamu yetu aliyeko Uingereza ndio alinichekesha. Kule kuna kitu kinaitwa Gift Aid: mlipa kodi wa kawaida kabisa akitoa pauni 100 kwa shirika la hisani lililosajiliwa kule, shirika linadai serikalini pauni 25 juu yake. Lakini hela anayotupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo haihesabiki, hata kama inaezeka darasa zima. Ikipitia shirika la kule linalojenga shule huku, inahesabika.

Sasa shangazi. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, vitabu vyake vya hesabu viko safi. Desemba tukipanda Marangu kuhesabiwa, yeye ndiye anayeitwa mbele kwenye kila harambee. Tuseme amepata faida ya milioni 40: asilimia 2 ni 800,000, na kwa kiwango cha asilimia 30 anaokoa 240,000. Hiyo ni zaidi ya mifuko kumi ya saruji. Ada za watoto wa ndugu, misiba, ndafu za harusi, hizo hazimo kabisa. Lakini choo cha shule ya msingi kule juu, kinachosubiri bati mwaka wa pili, hicho ni mradi wa jamii. Kinachotakiwa ni barua ya shule, risiti inayoeleweka, na karatasi zikae miaka mitano TRA wakizihitaji.

Nikamweleza yote haya dukani, mhasibu akiwa pembeni anaitikia kwa kichwa. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sasa mwanangu, nikipitia huko kwenye marisiti, jina langu litasomwa kwenye harambee au halitasomwa?"

Mhasibu akasema risiti haizuii mtu kusomwa jina. Shangazi akamwagiza kijana wa duka ahesabu bati za geji 28 zilizobaki stoo, na mimi akanituma kwa mwalimu mkuu nikaulize barua inachukua siku ngapi. Naenda Jumatatu.