Kitufe Kimoja, Amri Mbili

Mshairi hufurahi akutanapo na neno lenye maana nyingi. Paa ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kwenda juu angani. Malenga huweza kuzikusanya maana zote katika ubeti mmoja, na msikilizaji, akifuata muktadha, asipotee. Utata huo kwa mshairi ni pambo. Kwa mwandishi wa programu za kompyuta, utata wa namna hiyo ni adha.

Mwandishi huyo hutumia mikato ya kibodi: hubonyeza kitufe cha Control pamoja na herufi, na amri ikatendeka bila ya kugusa kipanya. Baada ya miezi mingi, mikato hiyo huhamia vidoleni kama mizani inavyohamia sikioni mwa mtunzi. Kisha huongeza programu-jalizi ya kukagua makosa, akaongeza na ya kupanga mistari, na ya tatu ya kukamilisha maneno. Kila moja huja na mikato yake. Herufi za kibodi ni 26 tu, na wazitakao ni wengi. Ndipo siku moja vidole hubonyeza palepale pa jana, na litendekalo likawa jingine: alikusudia kutafuta neno, akaona mistari yote imepangwa upya.

Mara nyingi hapana mwenye hila. Kila mtunzi alichagua herufi iliyomfaa, bila ya kujua mwenziwe amechagua ipi. Aumiaye ni mwenye mikono, kwani huanza kuishuku kumbukumbu yake mwenyewe, na kazi iliyokuwa ikitiririka ikawa ya kudonoadonoa.

Tiba moja ya maradhi haya ni adabu. Emacs, iliyoanza MIT mwaka 1976 na kutolewa kwa jina la GNU Emacs mwaka 1985, ina desturi kwamba Control na C, zikifuatwa na herufi moja, ni milki ya mtumiaji. Watunzi wa nyongeza wasiziguse. Desturi hiyo haina askari. Husimama kwa heshima tu.

Tiba nyingine ni ileile ya ushairi, yaani muktadha. Visual Studio Code, iliyotoka mwaka 2015, huruhusu mkato uwekewe sharti, utende mahali fulani na pengine unyamaze. Mikato ikigongana bado, kanuni husomwa kutoka chini kwenda juu, na zile alizoziandika mtumiaji huwekwa chini kabisa. Kwa hiyo neno lake ndilo hushinda.

Wapo pia watunzi wasioweka mkato wowote. Huipa amri jina, wakamwachia mtumiaji achague kitufe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hapati kupona iwapo kila mgeni aingiapo humhamisha kitini pake.