Tafakari ya Juma: Kadi ya Kompyuta na Fedha ya Maandazi



Juma hili baadhi ya wazee wetu wamestaajabu kusikia kwamba tulikaa na vijana jioni mbili nzima tukizungumzia kifaa cha kuchezea michezo ya kompyuta. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alituuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, kama kazi za kiroho zimekwisha parokiani. Tunaona vema tumjibu hapa, kwa sababu jambo lenyewe, ingawa ni dogo kwa sura, linagusa namna Mkristo anavyopaswa kuamua juu ya mali.

Habari yenyewe ni hii. Katika chumba cha vijana kando ya ukumbi wetu ipo kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Ilikuwa ya ofisi, wala haikuundwa kwa ajili ya michezo. Vijana wa VIWAWA huitumia kucheza mpira na mashindano ya magari, na kwaya huitumia kuhariri video za nyimbo zake. Mwaka huu michezo mipya ilianza kukwama. Mchezaji anabonyeza apige shuti, na mpira unaondoka beki akiwa amekwisha kufika. Vijana wakaomba ibadilishwe kadi ya grafiki, yaani kile kibao cha ndani kinachochora picha zote tunazoziona kwenye kioo. Fedha walikuwa nayo, shilingi 700,000, nao waliichuma wenyewe: wavulana kwa kupakua magunia ya mahindi, wasichana kwa kuuza chai na maandazi baada ya Misa ya kwanza.

Kwa nini tusiwaambie tu kwamba michezo ni upuuzi? Kwa sababu tunaujua mji wetu. Tunduma ni mlango. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa. Malori yanapopanga foleni, madereva hulala, na panapolala malori mengi pana fedha ya haraka. Na penye fedha ya haraka pana pombe, kamari na mengineyo ambayo ninyi wazazi mnayafahamu kuliko sisi. Kijana aliyeko chumba cha parokia saa mbili usiku, akibishana na wenzake kama ile ilikuwa penalti au sivyo, ni kijana tunayejua alipo. Jambo hilo si dogo kwa mchungaji wala kwa mama mzazi.

Hata hivyo, nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kupima gharama asije akachekwa. Basi nasi tuliketi.

Wavulana walitamani kadi iitwayo RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12. Iliyotumika waliipata kwa shilingi 750,000, wakasema pengo la 50,000 litazibwa kwa magunia machache. Lakini gharama haikuishia kwenye kadi. Kadi hiyo hula wati 170, na mtengenezaji wake anashauri kompyuta iwe na kifaa cha kugawa umeme cha wati 550. Chetu ni cha wati 300. Tena kioo chetu ni cha zamani, kina nukta 1366 kwa 768 tu. Kadi kubwa ingechora picha nzuri ambazo kioo hakina uwezo wa kuzionyesha. Ni sawa na kununua pampu ya kisima kikubwa ukaifunga kwenye bomba jembamba.

Ipo kadi ndogo zaidi, GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019. Ina gigabaiti 4, inatumia wati 75, na zipo za aina hiyo zisizohitaji waya wa ziada wa umeme. Haichezi kila mchezo mpya kwa uzuri wote, lakini mpira itaucheza, na kazi ya kuhariri video itakuwa nyepesi. Iliyotumika iliulizwa kwa shilingi 380,000.

Tuliwaonya vijana pia juu ya kadi zilizotumika. Miaka michache iliyopita kadi hizi ziliadimika duniani, kwa sababu watu walizinunua kwa wingi na kuziwasha usiku na mchana ili kuzalisha sarafu za mtandaoni. Mwezi Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliiacha njia hiyo, na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni. Kwa hiyo asilipe mtu kabla ya kuiona kadi ikifanya kazi kwa muda wa kutosha, feni zake zikizunguka vizuri. Leo hitaji jingine limekuja, la akili unde, ambalo nalo huendeshwa na vifaa vya jamii hiyo hiyo. Si ajabu kwamba Baba Mtakatifu Leo wa XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba katika kuchagua jina lake alimkumbuka Leo wa XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 kutetea wafanyakazi, na kwamba akili unde inaleta maswali mapya juu ya utu, haki na kazi.

Kijana mmoja alidhani mambo hayo yako mbali nasi. Tulimwomba achungulie dirishani. Malori yanayopita yakielekea Dar es Salaam hubeba shaba kutoka Zambia na Kongo, na shaba imo ndani ya kila kadi ya namna hii, katika njia za umeme na katika vyuma vya kupozea. Madini hupita mbele ya kanisa letu yakiwa mabamba, kisha hurudi baada ya kuzunguka dunia yakiwa kifaa ambacho kijana wetu anakinunua kwa jasho la magunia arobaini au hamsini. Anayenunua kitu na ajue kwamba nyuma yake wapo watu waliochimba, waliobeba na waliosubiri foleni.

Mazungumzo yalikuwa yanaelekea kwisha ndipo binti mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasimama. Akasema, "Baba Paroko, samahani. Wanaocheza ni wavulana. Na sisi tuliouza maandazi, hiyo kadi itatupa nini?"

Ukimya ulishuka chumbani. Mvulana mmoja alijaribu kusema kwamba hakuna aliyewakataza wasichana kucheza. Binti akamjibu kwamba wao, ikifika saa moja, huitwa nyumbani kupika. Wapendwa, hapo ndipo tulipotambua kwamba swali la wati na gigabaiti lilikuwa limebeba swali la haki. Mtakatifu Ignasi wa Loyola hufundisha kwamba vitu vyote vya dunia tumepewa vitusaidie kufikia lengo tuliloumbiwa. Tuvitumie kadiri vinavyotusaidia, na tuviache kadiri vinavyotuzuia. Nasi tunaongeza kwamba kitu kilichonunuliwa na wengi kikiwasaidia wachache tu, kimekwisha kuanza kuwazuia wote, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa hiyo wakaamua wenyewe, sisi tukiwa wasikilizaji zaidi kuliko wasemaji. Watanunua kadi ndogo kwa 380,000. Wataongeza kumbukumbu ya kompyuta kwa 70,000, na kifaa cha kulinda umeme kwa 130,000, maana umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo huua kompyuta bila kuuliza bei. Zitabaki 120,000, nazo wamekabidhiwa wasichana, ambao wamechagua karai kubwa la kukaangia na mtaji wa unga wa ngano. Zaidi ya hayo, alasiri za Jumatano na Jumamosi kompyuta ni ya kuhariri video, na wasichana ndio watakaofundishwa kwanza. Saa hizo tumezipanga kabla ya muda wa kupika, nasi tutazungumza na wazazi.

Tusingependa mfikiri kwamba wote walifurahi. Yupo mvulana mmoja aliyepakua magunia mengi kuliko wenzake, akiutamani mchezo mmoja ambao kadi ndogo haitauweza. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Sawa, Padre," akaondoka, na hadi tunapoandika haya hajarudi. Tunaambiwa huonekana jioni kwenye vibanda vya michezo karibu na maegesho ya malori, mahali pale pale tulipotaka asiwepo. Uamuzi ulikuwa wa haki, na bado umemgharimu mtu. Tumekwisha kwenda nyumbani kwao mara mbili, na tutakwenda tena. Tunawasihi vijana wenzake nao waende, wala wasiende na hoja. Waende na maandazi.

Tunamkumbuka hapa Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Aliipenda kompyuta, akaitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa kwamba alikuwa na mashine ya michezo, naye alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa juma. Hakuitupa mashine yake, wala hakuiacha imtawale.

Katika jumuiya ndogo ndogo juma hili tujiulize: katika manunuzi ya nyumba yetu, ni nani anayechangia jasho na haulizwi neno? Na tukiisha kuamua kwa haki, je, tunamfuata yule aliyeumia?

Ee Bwana, utupe hekima ya kupima kabla ya kununua, na moyo wa kumtafuta anayekosekana. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko